Tusikiite Chakavu Tusichokifungua

Kuna neno linalopendwa mno katika ofisi zetu za umma: "chakavu". Likishaandikwa kwenye daftari la mali, mjadala umekwisha. Kompyuta ya mezani huhamishiwa stoo, na barua ya kuomba mashine mpya huanza safari. Mara ngapi neno hilo limeandikwa kabla ya mtu yeyote kuifungua mashine yenyewe?

Fikirieni ofisi ya kata au shule ya sekondari katika mahali kama Kanazi, wilayani Bukoba. Mashine yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita RAM, hukwama mara tu mtumishi anapofungua kivinjari pamoja na jedwali la hesabu. Mwenye kibanja hafyeki migomba yote kwa sababu majani ya chini yamekauka, huyapogoa. Mashine hiyo nayo huhitaji kuongezewa kumbukumbu, basi.

Hapo ndipo uzembe wa pili hujitokeza. Fomu huandikwa "RAM GB 4, vipande 10", ikapita kwa wenye mihuri watatu, na hakuna anayeuliza: RAM ya aina gani?

Swali hilo limebeba fedha ya umma. Vipande vya DDR2 na DDR3 vya kompyuta ya mezani vyote vina pini 240 na urefu uleule, lakini pengo la kila kimoja liko mahali pake. DDR2 hutumia volti 1.8 na DDR3 volti 1.5. DDR4 ina pini 288 na volti 1.2. Hakuna kinachoingia katika nafasi ya kingine, na anayelazimisha huvunja. Jina la kampuni nalo halitoshi: Dell OptiPlex 760 hutumia DDR2, ilhali OptiPlex 780, ndugu yake wa karibu, hutumia DDR3. Kipande cha kompyuta mpakato ni kifupi, hakienei. Kile cha seva, chenye herufi R mwishoni mwa maandishi kama PC3-10600R, huweza kuwa rahisi kwa bei, lakini kompyuta ya kawaida haitawaka nacho.

Kipande kisichofaa kikiagizwa kutoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bukoba, nani atakirudisha? Kitaandikwa kwenye leja kuwa kimepokelewa, kitalala drooni, na mkaguzi atakuta hesabu zimekaa sawa. Huo ni upotevu uliopigwa muhuri.

Lawama ni ya anayeidhinisha. Fomu isipite bila majibu manne: modeli ya mashine na ya madabodi, kizazi cha kumbukumbu, kiwango cha juu ambacho madabodi hupokea na idadi ya nafasi zake, na mfumo endeshi, kwani Windows ya biti 32 kwenye kompyuta hizi haitumii zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiweka 8. Majibu hayo hayanunuliwi. Yamo kwenye lebo ya kipande kilichomo, kwenye kitabu cha mtengenezaji, katika programu ya bure ya CPU-Z, au katika amri ya dmidecode kwa watumiaji wa Linux. Mkataba nao utamke kwamba kipande kisichokubali kitarudishwa kwa gharama ya muuzaji.

Watakuwapo wa kusema kwamba Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa mashine nyingi za zamani. Ni kweli, na mashine isiyopata masasisho haifai kushika taarifa za wananchi. Lakini hoja hiyo inahusu mfumo endeshi. Linux hupatikana bure, na mashine yenye gigabaiti 8 inaweza kumfundisha mwanafunzi wa kidato cha pili kuandika, kukokotoa na kuprogramu. Iliyoungua madabodi ndiyo iitwe chakavu.

Mtumishi wa umma, irudishe fomu yenye neno "RAM" tupu. Mwanaharakati, omba kuona orodha ya vilivyofutwa na sababu zake. Nawe mwanafunzi, chukua bisibisi, chomoa waya wa umeme kwanza, ukasome lebo ile. Shule nyingine inasubiri kompyuta ambayo jirani yake ameifungia stoo.