Studio ni chumba chako

Wandugu wa Kapolowe, tusingoje feza ya studio ya Lubumbashi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimurekodi Mwenda Jean Bosco hapa Likasi, wakati ule Jadotville: gitaa moja, sauti moja, na inchi za mbali zikasikia. Telefone yako inatosha kuanza. Ingia chumba chenye matela na nguo nyingi, maana ukuta mtupu unarudisha sauti. Weka telefone shibiri moja toka mdomo, kandokando kidogo, pumzi isiipige. Kata rezo. Mvua ikigonga manjanja, acha kwanza! Kwa kusafisha sauti, Audacity ni ya bure. Ordinatere moja inatosha kartie nzima. Sisi wenye diplome bila kazi, wakati tunao. Tuanze na wazee wenye nyimbo za zamani, hao hawawezi kungoja kura irudi.