Barabara ya Mlimani na Hila ya Kuukwepa Umati

Ni ada iliyokita mizizi miongoni mwa wasafiri wa Kenya, wanafunzi wa vyuo vikuu wakiwamo, kwamba atakaye kulitazama Bonde la Ufa husimama kando ya barabara ya Mai Mahiu. Mandhari ya pale haina doa. Barabara yenyewe ilijengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano, walioacha kikanisa kidogo kando yake mnamo 1942. Hata hivyo, ifikapo Disemba magari hufuatana pale kama siafu, na msafiri huishia kulichungulia bonde juu ya mabega ya wenzake.

Waama, dawa ya msongamano si kubaki nyumbani. Ipo barabara itokayo Kabarnet, katika vilima vya Tugen, ikateremka hadi Bonde la Kerio, kisha ikakwea kupitia Tambach mpaka Iten. Ni lami tupu, na urefu wake hauzidi kilomita 60. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mto Kerio unapita zaidi ya mita 1,000 chini yake. Msafiri hutoka katika baridi ya sweta, akaingia joto la migunga, kisha akarejea baridini siku iyo hiyo. Huko chini, penye korongo la Cheploch, vijana hujirusha mtoni kutoka majabalini ili wageni wawalipe. (Kuwalipa ni haki yao, kuwachochea wapande juu zaidi ni ukatili.)

Anayeanzia Iten asubuhi huteremka jua likimpiga machoni. Heri kulala Kabarnet na kusafiri kuelekea magharibi: asubuhi jua huwa mgongoni, likiangaza ukuta wote wa Elgeyo, na alasiri mtu akiwa Iten hugeuka akaviona vilima alikotoka viking'aa. Dereva naye ateremke kwa gia nzito, asitegemee breki peke yake.

Lakini lini? Wapo wanaoshauri msimu wa mvua, kwa kuwa wageni ni haba. Ushauri huo ni wa hatari. Katika ukingo huohuo wa Elgeyo, upande wa kaskazini, maporomoko ya ardhi yaliangamiza watu Chesongoch mwaka 2020, na tena usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025. Mai Mahiu nako mafuriko ya Aprili 2024 yaliua makumi ya watu. Barabara huwa tupu msimu huo kwa sababu wenyeji wanaijua milima yao.

Umati hukwepwa kwa kuchagua siku na saa, mvua haihitajiki. Shule zikishafunguliwa Januari, siku za katikati ya wiki hadi mwisho wa Februari huwa kavu aghalabu, na njia huwa nyeupe. Ajabu ni kwamba vyama vya wanafunzi hungoja mwisho wa muhula, yaani Aprili penye masika au Disemba penye umati, eti mihadhara isikatizwe. Mhadhara wa Jumatano moja waweza kufidiwa Jumamosi. Idara zikiridhia hilo, basi la chuo laweza kuondoka Kabarnet saa mbili asubuhi, likapumzika Cheploch kabla joto halijakolea, na wanafunzi wakalia chakula chao cha mchana kwenye ukingo wa Iten bila kusukumana na yeyote.