Maji ya Kuoshea Bomba la Pamba Yasiishie Mtoni

Akina mama wenzangu, wenye mabwawa ya kuogelea huko mijini huonywa wasimwage maji yenye klorini kwenye vijito, kwa kuwa yanaua samaki. Kwetu sisi wa Sola, hatari ya namna hiyo inatoka kwenye bomba la kupulizia pamba.

Msimu wa kupulizia huangukia wakati wa mvua, vijito vikiwa na maji. Mpuliziaji akimaliza kazi hushuka mtoni, huosha bomba na kumwaga dawa iliyobaki. Hatua chache chini yake mama mwingine anateka maji ya kupikia, na ng'ombe wanakunywa. Maji ya vijito vyetu vingi huishia Mto Simiyu, nao unaingia Ziwa Viktoria. Kiangazi mto ukikauka, ni kwenye mchanga huohuo tunakochimba visima.

Wengi hudhani kuchemsha maji kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, lakini hakuondoi sumu ya dawa ya pamba. Hata dawa ya kutibu maji ya kunywa haiiondoi. Njia ya uhakika ni kuizuia isifike majini.

Dawa nyingine hukaa muda mrefu kwenye udongo na tope. Endosulfan, iliyotumika miaka mingi kwenye pamba, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya sumu za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm.

Fanyeni hivi:

1. Changanyeni dawa ya kutosha eneo la siku hiyo tu, isibaki.

2. Chupa ikiisha, tieni maji hadi robo, tikiseni vizuri, kisha mimineni kwenye bomba. Rudieni mara 3. Toboeni chupa hiyo ili isije ikatiwa mafuta ya taa, maziwa au maji.

3. Suuzeni bomba palepale shambani, na maji hayo yapulizieni kwenye pamba, mbali na kisima, lambo na bustani ya mboga.

4. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na maji yake yamwagwe shambani.

Baba akisema shambani hakuna maji ya kuoshea, usibishane naye. Maji ya kuchanganyia dawa hubebwa kila mara. Siku hiyo baiskeli ibebe dumu moja zaidi. Akiwa na dumu hilo hana sababu ya kushuka mtoni. Mkumbushe pia kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mtu akitokwa na mate mengi na jasho, akatapika, mboni za macho zikawa ndogo na akapumua kwa shida baada ya kugusa au kunywa dawa, mvue nguo, umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa. Mkimbize zahanati pamoja na chupa ya dawa yenye karatasi yake, mganga ajue ni sumu gani.

Zungumzeni jambo hili kwenye vikundi vyenu kabla bomba la kwanza halijajazwa. Nyumba moja ikiacha na ya juu yake ikaendelea, watoto wa chini bado watakunywa sumu.