Ngozi Nyembamba au Nzito?

Mama, mtoto aliyeungua akihitaji kupandikizwa ngozi, usistaajabu daktari akiitwaa pajani mwake mwenyewe. Ngozi nyembamba hushika upesi na hufunika jeraha pana, na paja hupona lenyewe kwa majuma mawili hivi. Ila baadaye husinyaa, hata vidole vikapinda. Kwa hiyo usoni na vidoleni hupendelewa ngozi ya unene wote, aliyoitumia Wolfe wa Glasgow kutengeneza kope la jicho mwaka 1875. Hiyo hutwaliwa kidogo tu, nyuma ya sikio au kinenani, na palipokatwa hushonwa. Ipandikizwe ipi, siku za kwanza bandeji isifunguliwe nyumbani: ngozi ikiteleza kabla ya kupata damu, hufa. Mtoto akilia kwa mwasho, mwimbie.