NANI ATASIMAMA 2027?



Tangu Bwana Raila Odinga alipofariki, tarehe 15 Oktoba 2025, swali ni moja: nani atasimama kwa tikiti ya ODM mwaka 2027? Wako wamtajao kaka yake, Dkt. Oburu Oginga, aliyepokea uongozi wa chama. Wengine wamtaka Bwana Joho wa Mombasa, aliyeiomba tikiti hiyo mwaka 2021, kisha akampisha Raila. Na wako wasemao chama kimuunge mkono Rais Ruto.

Sisi hatumpigii mtu debe. Raila aligombea urais mara ya kwanza mwaka 1997. Mwaka uo huo mafuriko ya El Niño yalivunja kingo za mashamba ya mpunga ya TARDA hapa Garsen. Chaguzi tano zimepita tangu hapo, na ahadi hazikukosekana.

Mfanyakazi haanzi kazi pasipo mapatano ya ujira. Basi kura nayo isitoke bure. Ajaye tumwulize: kingo za mto lini, kwa fedha ipi, na kibarua atalipwaje? Tuulize pamoja, Wapokomo na Waorma. Mwaka 2012 tuliona utengano ulitufikisha wapi.

Atakayejibu wazi ndiye wetu, awe wa ziwani au wa pwani.