Motari akisinzia, mama usinyamaze

Juma hili tuzungumze juu ya safari, maana wengi katika vikundi vyetu wanakula kwa njia ya Walikale. Tunapeleka maharagi na viazi vya Masisi, tunarudi na mafuta ya ngazi.

Safari yangu ya mwisho nilitoka Walikale juu ya pikipiki, bidoni mbili pembeni. Motari alikuwa kijana wa heshima. Tulipopita Kibua nikaona kichwa chake kinashuka, kinapanda. Nikafikiri anatazama mashimo, nikanyamaza. Mara pikipiki ikaacha njia polepole, ikaingia majani, tukaanguka. Bidoni moja ikapasuka. Hatua chache mbele lilikuwa bonde.

Nikamuuliza: «Mwanangu, ulilala saa ngapi?»

Akajibu: «Mama, jana nilitoka Masisi, nikafika usiku, nikatengeneza pikipiki hadi saa tisa. Na wewe ulisema tutoke saa kumi na moja.»

Neno hilo lilinichoma. Ni kweli, mimi ndiye niliyemharakisha juu ya soko.

Wamama, mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo anaendesha kama mtu aliyekunywa pombe. Akifika masaa 24 ni mbaya zaidi. Tena usingizi hauombi ruhusa. Sekunde 4 tu, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inakwenda zaidi ya metre 40 bila mtu wa kuiongoza. Sisi tunakataa kupanda nyuma ya mlevi. Mbona tunapanda nyuma ya mwenye usingizi?

Dalili zake zinaonekana: miayo, kufikicha macho, kuingia shimo ambalo kila mtu ameliona, kutojibu unapomsemesha. Saa mbaya ni kabla ya mapambazuko, na tena saa nane ya mchana, jua kali na tumbo limeshiba. Kuimba na kunawa uso havisaidii kwa muda mrefu. Kahawa inasaidia kidogo, nayo inachukua karibu nusu saa kabla ya kufanya kazi. Dawa ya usingizi ni kulala. Hata dakika 20 zinaweza kumrudisha mtu.

Najua mtasema: «Tutasimama wapi? Msituni hakuna usalama, na kwenye bariere tumeshachelewa.» Ndiyo sababu tusingoje hadi kichwa kianze kushuka. Tusimame penye watu, kama Kashebere au Nyabiondo, kwa mama anayeuza chakula. Motari alale kidogo, nasi tuchunge mizigo.

Kule Kenya, sheria inakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya masaa 8 katika siku moja. Kwenye njia yetu hakuna anayehesabu. Basi tuhesabu sisi wenyewe:

– Kabla ya kupatana bei, muulize motari au shofere: «Usiku ulilala?» Kama hakulala, tafuta mwingine au ngoja.

– Usimwongezee pesa ili akimbize.

– Njiani msemeshe. Asipojibu, mguse bega na umwambie asimame. Ushuke. Usione haya.

– Wewe mwenye mume au mtoto motari, akirudi usiku mwache alale. Maji na kuni vitatafutwa na wengine. Asubuhi abiria akipiga simu, mwambie: «Bado amelala.»

– Katika likelemba tupatane kwamba mama aliyechelewa kwa sababu ya kupumzika njiani asilipe faini.

Siku ile kijana alilala chini ya mti penye nyumba za watu, mimi nikakaa karibu yake na bidoni moja iliyobaki. Soko lilinipita. Hasara ilikuwa kubwa, lakini watoto wangu walinipokea jioni nikiwa mzima. Wazee walisema vizuri: kawia ufike.

Tuonane juma lijalo.