Chumvi ya Kambini



Katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo ambalo halikuwemo katika ajenda, nalo ni chumvi. Lilianza pale nilipoomba idhini ya kununua ng'onda na papa mkavu kwa ajili ya kambi za wachumaji, kama tufanyavyo kila msimu. Mwanachama mmoja akauliza, je, tunawalisha watu wetu au tunawaua? Watu wakacheka. Kijana mmoja akasimama na simu mkononi akasoma kuwa wataalamu wamekwishasema chumvi haina neno. Wazee nao wakashika lao, kwamba mpanda mkarafuu anayetoka jasho tangu alfajiri lazima ale chumvi, ama sivyo atashikwa na kizunguzungu aanguke. Tukaondoka bila ya uamuzi, na mimi nikabaki na fedha za kitoweo sandukuni. Basi nimeona nitoe rai yangu humu, kwani katika kuandika hapana wa kunikatiza.

Wazee wana haki yao. Chumvi si sumu, wala mwili hauwezi kuishi bila ya hiyo. Dawa ya maji anayopewa mtoto mwenye kuharisha ina gramu 2.6 za chumvi katika kila lita, nayo imeokoa roho nyingi. Jasho nalo hutoa chumvi, na kila mmoja wetu ameionja mdomoni. Lakini mwili wa mtu aliyezoea kazi ya juani, baada ya wiki moja au mbili, hujifunza kuizuia chumvi isipotee, jasho lake likawa na chumvi chache kuliko la yule aliyekuja jana kutoka mjini. Na hao niliowaona mimi wakiteremka mtini macho yamewazunguka, nilipowauliza, walikuwa hawajanywa maji tangu asubuhi.

Kwa hiyo mzozo wetu ni wa kiasi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Mimi ni mtu wa daftari, na msimu uliopita nilimwomba mpishi wa kambi yetu moja aniwekee hesabu. Pakti ya nusu kilo iliwapikia watu 12 kwa siku 4. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya gramu 10 kwa kila mtu kila siku. Hapo ng'onda hajahesabiwa, wala embe mbichi la chumvi na pilipili linalopita mkono kwa mkono jioni watu wakichambua karafuu na makonyo.

Chumvi ikizidi, mwili huzuia maji ili kuipooza, damu ikaongezeka wingi na presha ikapanda. Mishipa huchoka, na moyo na figo pia. Yote haya huenda kimya kimya miaka mingi bila ya maumivu. Watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 1990 waliwafuata Wajaluo waliohama vijijini kwao magharibi ya Kenya kwenda kuishi Nairobi. Muda mfupi tu baada ya kuhama presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na mikojo yao ilionyesha kuwa chakula chao cha mjini kilikuwa na chumvi zaidi. Uzito nao uliongezeka, kwa hiyo sisemi ni chumvi peke yake.

Sasa kijana wetu. Hakusema uwongo. Mwaka 2014 ulitolewa utafiti wa watu zaidi ya 100,000 katika nchi 17, ukasema wala chumvi kidogo sana wamo hatarini kama wala nyingi mno. Na niseme kweli, kwa kipimo cha watu hao kambi yetu ingesalimika, ng'onda asipohesabiwa! Lakini wataalamu wengine waliukosoa, kwa sababu chumvi ya kila mtu ilikisiwa kwa mkojo wa asubuhi moja, na tena mtu aliyekwisha kuwa mgonjwa hula kidogo, ukadhani uchache wa chumvi ndio uliomdhuru. Mimi humwamini zaidi anayebadilisha kilichomo chunguni kisha akangoja aone. Hivyo ndivyo walivyofanya Uchina, katika vijiji 600 na watu karibu 21,000, wengi wao wazee wenye presha au waliokwisha kupata kiharusi. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake imeondolewa na badala yake kutiwa chumvi ya potasiamu. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: baada ya miaka karibu mitano, kiharusi kilipungua kwa 14 katika mia. Chumvi ya namna hiyo ina hatari kwa mwenye maradhi ya figo, asiitumie bila ya daktari. Lakini potasiamu ya chakula tunayo mashambani mwetu, katika ndizi, kisamvu na maji ya dafu.

Ami yangu alikuwa mchumaji hodari, na hakuwa akionja mchuzi kabla ya kuutia chumvi. Asubuhi moja alianguka kisimani, upande wa kulia ukalala. Presha yake ilipimwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikuwa mvutaji tumbaku pia, na mtu mzima, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa ni chumvi. Ninachoweza kuapa ni kuwa hapana aliyewahi kumpima.

Kuna jambo moja nalihofia, nalo ni watu kuikimbia chumvi yenye madini joto wakadhani ndiyo mbaya. Sisi wa visiwani tulijidanganya kuwa samaki watutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta uvimbe wa tezi la shingo kwa watoto 32 katika mia hapa Pemba, na 21 Unguja; na nyumba zenye chumvi ya madini joto ya kutosha zilikuwa zaidi ya 63 katika mia Unguja, na Pemba moja tu. Wenzetu wenye mashamba ya chumvi wasinikasirikie. Natamani tununue kwao, ila iwe imetiwa madini joto.

Katika mkutano ujao nitaomba nusu ya fedha ya ng'onda iwe ya samaki wabichi, na ng'onda aliyebaki aroweke usiku kucha na maji yake yamwagwe. Kibakuli cha chumvi kisiwekwe mkekani. Pakti ya siku 4 iende siku 6 kwa msimu huu. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Tena tununue mashine ya kupimia presha ikae pale tunapopimia pishi, kila mchumaji apimwe kabla ya kupanda, na mwenye vidonge vyake asiviache. Mpishi amekwisha kukubali, kwa sharti kuwa lawama za siku ya kwanza nitazijibu mimi.

Katibu